Kete za Bahari kwenye Vibuyu vya Mlimani

Wazee wa Eldoret hadi leo huuita mji wao Sisibo. Msitafute maana ya neno hilo katika Kinandi wala Kimaasai, kwani ni namba 64 ya Kiingereza iliyopita katika ndimi za wenyeji ikatoka na sura mpya. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Makaburu na Waingereza walipogawiwa nyanda za Uasin Gishu kwa mashamba yenye namba, shamba la 64 lilikuwa na mawe mengi na halikumpendeza mkulima yeyote. Ndipo posta ikawekwa hapo mwaka 1910, na mji ukaota kando ya posta. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret, lenye asili ya Kimaasai ya mto wa mawe, na Wanandi wakalitia mkia wa lugha yao. Reli ilifika mwaka 1924. Tangu Agosti 2024 mahali hapo ni jiji, la tano katika Kenya.

Nilikwenda huko mwishoni mwa Julai kwa haja ya kifamilia. Binti wa ndugu yangu alikuwa amepangiwa kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha huko, na mama yake, kama walivyo akina mama wengi wa Pwani mtoto wa kike anapotajwa kwenda bara, usingizi ulimpaa. Baba mtu alikwisha kubali. Mama akakataa kusema ndiyo wala la. Aliniita faraghani akaniambia, “Shemeji, nenda ukanitazamie. Nikipewa habari na wewe nitatulia, iwe aende au asiende.” Amana ya namna hiyo ni nzito kuliko mzigo wa nazi. Nikasema nitakwenda, na nitatazama pia watu wanaouzunguka mji ule, kwa sababu mtoto hakai chuoni peke yake. Hukaa katika nchi.

Njia ni ndefu. Treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha basi la zaidi ya kilomita 300. Gari linashuka katika Bonde la Ufa, linapita Nakuru, halafu linaanza kupanda, na linapanda hadi Timboroa, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hapo abiria wa Pwani hujulikana bila kuulizwa: ndiye anayejikunyata ndani ya kanzu na kutafuta sweta chini ya mkoba. Baada ya hapo ardhi inatandazika, na mahindi yanaanza. Mwezi wa Julai yamesimama kimo cha mtu, yameiva rangi ya kijani kibichi hadi upeo wa macho, nami sikujizuia kuhesabu ni sima ngapi za meza zetu zinazotoka huko.

Eldoret yenyewe sitaieleza sana. Ni mji wa biashara, una kelele, una matope wakati wa mvua, na bodaboda zake hazina adabu kuliko za Mombasa. Lakini adhana inasikika katikati ya mji kutoka Msikiti wa Jamia, na safu ya adhuhuri ina Wasomali wenye maduka, Wahindi, Waswahili waliohamia, na Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza na wakaachwa katika miji mingi ya Kenya bila kurudishwa kwao. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa asili hiyo. Mkewe alituandalia chakula kilichofunikwa kwa tabaki, kifuniko cha mviringo kilichosukwa kwa nyuzi za rangi nyekundu, kijani na manjano. Nikamwambia kwetu tuna kawa la ukindu, kazi ile ile. Akacheka akasema, “Basi sheikh, wanawake wa Kiislamu kila mahali hawataki inzi.”

Yeye ndiye aliyenipeleka, pamoja na mumewe, kwenye milima niliyokusudia kuwaeleza.

Kutoka Eldoret kwenda Iten ni kiasi cha kilomita 35 kuelekea mashariki. Barabara ni nzuri na inapanda polepole, hata mtu hajui kwamba amepanda, mpaka afike Iten kwenye mita 2,400 na ghafla ardhi ikatike. Hapo ndipo ukingo wa Elgeyo. Ukisimama juu yake, Bonde la Kerio liko chini yako kwa zaidi ya mita 1,000, jekundu na lenye ukungu wa joto, na ng’ambo yake milima ya Tugen imejipanga kama wimbi lililogandishwa. Juu kuna baridi ya sweta mbili. Chini kuna ukwaju na ngamia. Mimi nimeona bahari tangu kuzaliwa, na sikudhani kuna kitu kingine kinachoweza kumnyamazisha mtu kwa upana wake.

Iten inajulikana duniani kwa wakimbiaji. Lango la mji limeandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na alfajiri, tulipotoka kuswali, vijana walikuwa tayari barabarani, makundi kwa makundi, wasichana na wavulana, wakipumua mvuke. Beatrice Chebet, aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ni mtu wa jamii hii ya Wakalenjin. Bingwa anaporudi nyumbani huvishwa sinendet, mti wa kutambaa wenye majani ya kijani, shingoni kama sisi tunavyovishana asumini. Kisha mwanamke mtu mzima humsogelea na kibuyu, akamnywesha. Picha hizo mmeziona kwenye televisheni mkadhani ni maziwa tu. Ni mursik, na kibuyu chake ndicho kilichonishika siku nzima.

Mwenyeji wangu alikuwa na rafiki, bibi mzee wa Kikeiyo anayeishi nje kidogo ya Iten, ambaye watu wote humwita Kogo, yaani nyanya. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. “Chamgei,” nikasema kama nilivyofundishwa njiani. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akajibu, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha sokoni kilicho wazi kabisa: “Karibu, baba. Wewe umetoka kwa maji ya chumvi.”

Kibuyu chenyewe wanakiita sotet. Kinapandwa kama tunavyopanda mung’unye, na mkulima wake hukichagua kingali mtini, kwa shingo yake na tumbo lake. Kikikomaa huchumwa, kikakaushwa taratibu mahali pasipo jua kali, kisha hukatwa mdomo na kutolewa mbegu na nyama kavu ya ndani. Hapo huwa bado kichungu. Hutiwa maji, hukaa, hukoshwa, hutiwa tena, siku baada ya siku, mpaka uchungu uishe. Kazi hii haina njia ya mkato, na Kogo alisema anayeharakisha hujulikana kwa maziwa yake.

Baada ya hapo huja moshi. Huchukuliwa kijiti cha mti uitwao senetwet, kikachomwa mpaka kiwe kaa jekundu, na kaa hilo hutiwa ndani ya kibuyu na kusagwa kwa fito lenye ncha iliyopondwa kuwa brashi. Mkono unazunguka, kaa linavunjika, ukuta wa ndani unapakwa weusi laini. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa hutiwa, mdomo ukafungwa, kibuyu kikawekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa. Yakimiminwa hutoka na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na harufu ya moshi kama ile ya mitungi yetu ya zamani iliyofukizwa udi kabla ya kutiwa maji ya kunywa.

Nililiuliza jina lile fito. Akasema ni sosiot. Nikauliza ni mti gani. Mwenyeji wangu akanijibu kwamba ndilo jina la mkindu. Mkindu! Mti ule ule ambao mama zetu huchana majani yake wakasuka mikeka, makawa na vipepeo. Huko bibi husuka, huku nyanya husugulia kibuyu, wala hawajapata kuonana.

Najua swali litakalofuata, kwa hiyo nilijibu kabisa. Je, mursik ni halali? Maziwa yaliyoganda ni halali kama mtindi wetu ulivyo halali, na kinachokatazwa kwa wingi wake kulevya hukatazwa hata kwa uchache. Mursik hunywewa nyumbani na watoto na wazee, na hailevyi. Lakini yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, zamani baadhi ya watu wa huko walichanganya maziwa na damu ya ng’ombe. Mgeni Mwislamu aulize kwanza, na hakuna atakayechukia kuulizwa. La pili ni la afya. Saratani ya umio imekuwa nyingi katika eneo hilo, na watafiti waliochunguza mursik wamekuta katika baadhi yake kileo kidogo na kemikali ya asetaldihaidi, inayodhuru mwili. Kwa rai yangu, anayeonja kikombe kwa heshima ya mwenyeji hana lawama, na anayejiepusha kwa shaka naye yuko salama. Mimi niliuliza, nikaambiwa ni ya siku 3 na haina damu, nikanywa nusu kikombe. Ni chachu, inauma ulimi, kisha inaacha utamu.

Alipokwisha kukimimina, Kogo alikifuta kibuyu akakifunika kwa kofia yake ya ngozi. Nikakiomba nikishike. Ngozi ilikuwa imeshonewa shanga nyekundu na nyeupe, na katikati ya shanga, zikiwa zimepangwa duara, kete 7. Kete hizi hizi, ndugu zangu, ambazo wengine wetu huziita simbi au kauri, ambazo watoto wetu huchezea barazani na hawazijali. Zimekaa juu ya mlima usiosikia wimbi. Nilimuuliza zinatoka wapi. Akasema hizo 7 ni za mama yake, na mama yake alizirithi; mpya hununua kwa mchuuzi anayezileta kutoka Nairobi, na siku hizi ni ghali.

Za mama yake sikuhitaji kuambiwa njia iliyozileta. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilipanda hadi Baringo kutafuta pembe za ndovu, ikapumzika na kununua nafaka kwa Wanjemps kusini mwa ziwa. Jumbe Kimameta wa Pangani aliijua nchi hiyo vizuri hata Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1883, akaandamana naye. Na miaka michache baadaye, 1887 na 1888, mzee huyo huyo alikwenda na Count Teleki hadi ziwa ambalo leo ni Turkana. Vitabu hutaja Wazungu wawili kwa sifa ya kugundua, na aliyeijua njia hutajwa kama mtumishi. Mizigo ya misafara ile ilikuwa nguo, shanga, waya na kete. Ilikuwamo pia dhuluma, na si vyema tuifiche tunapojisifu: baadhi ya waliopanda na shanga waliteremka na watu. Nikiwa nimeshika kibuyu kile nilikumbuka yote mawili.

Wakati tungali pale walifika wageni kutoka Nairobi kwa gari lao, wakataka vibuyu vya kupamba sebule. Kogo akataja shilingi 1,500 kwa kimoja. Mmoja wao akasema atatoa 600, kwa kuwa mboga hii inaota yenyewe. Yule bibi hakukasirika. Alimwonyesha kibuyu kingine ukutani kilichopasuka zamani na kushonwa kwa uzi mwembamba, mshono juu ya mshono kama jeraha lililopona, akasema, “Hiki kimenilisha watoto sita. Chupa ya plastiki ikipasuka unaishona?” Wakanunua kimoja kwa bei aliyoitaja. Lakini walipoondoka alinieleza, bila kulalamika, kwamba wanunuzi wake karibu wote sasa ni wa namna ile. Majirani wanagandisha maziwa katika madumu, na wakwe zake hununua ya pakiti. Vibuyu vinauzwa zaidi kuliko zamani, na vinanywewa kidogo kuliko zamani. Nilifikiri juu ya makofia yetu ya vito na milango yetu ya kuchonga, inayotafutwa zaidi na mahoteli kuliko na wenye nyumba, nikanyamaza.

Siku ya pili tulialikwa kwenye koito, sherehe ya kuposa, katika boma la mwalimu mwenzake mwenyeji wangu. Sherehe nyingi za huko hungoja Desemba, shule zinapofungwa, wakati wavulana waliokuwa jandoni wanapotolewa na nyimbo kusikika vilima vyote. Lakini posa haingoji msimu. Pande mbili ziliketi zikitazamana. Kwanza ziliulizana koo. Kila ukoo wa Kikalenjin una alama yake, simba, tembo, nyuki, jua, na wazee huchambua kwa makini ili damu iliyo karibu isioane. Hilo liliwachukua muda mrefu kuliko ng’ombe. Kisha ng’ombe wakazungumzwa, kwa mafumbo na vicheko, na mashangazi wa binti waliokaa nyuma walikuwa wakali kuliko wazee waliokaa mbele; mara mbili mazungumzo yalisimama mpaka wao waridhike. Mwisho kibuyu kikaletwa, na pande mbili zikanywa kutoka kwa mkono wa mwanamke mmoja.

Yalinipendeza mengi, na moja lilinipa fikira. Ng’ombe wale huenda kwa jamaa ya binti, ilhali sisi mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, mkononi mwake. Nilipolieleza hilo, shangazi mmoja aligeuka akauliza, “Na kwenu kweli anapewa yeye?” Nikajibu kwamba ndivyo sheria yetu isemavyo. Akarudia swali lake lile lile, polepole. Akina baba wanaosoma jarida hili wanajua kwa nini nililijibu mara ya pili kwa sauti ndogo.

Kabla ya kurudi tuliteremka bondeni. Barabara inajikunja ukingoni, inapita Tambach, iliyokuwa makao ya serikali ya wilaya zamani za wakoloni, na kila kona joto linaongezeka mpaka sweta zote zikavuliwa. Chini kabisa Mto Kerio umejipenyeza katika genge jembamba la mwamba liitwalo Chebloch, na vijana hujirusha majini kutoka juu kwa pesa ya wageni, sikupenda kuona. Ng’ambo barabara inapanda tena hadi Kabarnet, penye jumba dogo la makumbusho katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa wilaya, na vibuyu vya kila umbo vimo kabatini nyuma ya kioo.

Upande wa kaskazini, kwa Wamarakwet, hatukwenda. Ningependa sana kuiona ile mifereji yao inayoteremsha maji ya milima ya Cherangani kwenye ukingo hadi mashamba ya bondeni. Ilikuwako kabla ya Wazungu kufika, na hadi leo kila ukoo una zamu yake ya maji, na kwa mila mwanamke haruhusiwi kuigusa. Lakini sehemu hizo zimeteswa na wizi wa mifugo kwa silaha. Tangu Februari 2023 serikali imepeleka wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti kadhaa za huko, Elgeyo-Marakwet ikiwemo. Eldoret na Iten ziko mbali na vurugu hizo, na niliwaona watu wakitembea usiku kwa amani, lakini anayetaka kwenda Tot au jirani zake aulize wenyeji siku ile ile.

Shemeji yangu nilimpelekea habari kama nilivyoiona. Chakula cha halali kipo. Msikiti upo, na akina mama wana mahali pao. Baridi ni kali Juni hadi Agosti, na mvua hunyesha mchana karibu kila siku, kwa hiyo viatu vya wazi havifai. Mke wa mwenyeji wangu amesema binti atakuwa akila kwao kila Ijumaa. Niliongeza kwamba watu wa kule humtazama mgeni kwa muda kabla ya kumzoea, na asidhani ni chuki. Alisikiliza yote, akauliza mara tatu kuhusu viatu, kisha akasema, “Basi na aende.”

Ataondoka Septemba, inshallah. Katika mkoba wake mama ametia sweta nne, kawa jipya la ukindu kwa mke wa mwenyeji, na mfuko wa kete nilioununua sokoni kwa ajili ya Kogo. Bibi yule alitaka kunilipa kabla, nikakataa. Akasema basi msichana azilete mwenyewe, na asije na haraka, kwa maana kuna vibuyu vitatu vinakauka juu ya jiko na mikono yake imeanza kutetemeka anaposhona.